Kabichi Zilipohamia Shamba la Juu

Tangu aolewe, Verna Corkum hakuwahi kuulizwa kabichi zipandwe wapi. Mumewe, Lorne, ndiye aliyepanga: viazi na maharage shamba la juu, kabichi bondeni kando ya mto. Kila ulipofika mwezi wa pili, theluji ikiwa bado magotini, alikuwa ameshaamua kila tuta. Kazi ya Verna ilikuwa kupanda, kupalilia, na kuchachusha kabichi kwa chumvi kwenye mapipa. Watu wa mji wa Lunenburg walizifuata mpaka mlangoni kwake.

Kisha Lorne akapatwa na kiharusi. Akili ilibaki timamu, ila mkono wa kulia ulilala na maneno yakawa yanatoka kwa kuvutwa. Majira ya baridi yale Verna alikaa peke yake jikoni na pakiti za mbegu, akiwaza bonde lile lililochoka. Kwa miaka kadhaa alikuwa aking'oa kabichi na kukuta mizizi imevimba mafundo mafundo. Kila alipofungua mdomo, Lorne alimkatiza kwamba ni mvua tu.

Akaamua: kabichi zipande juu, maharage yashuke bondeni.

"Umemwambia?" aliuliza Hilda, wifi yake.

"Atakataa."

"Haya. Ukifukuzwa usije kwangu, unakoroma mno."

Mwezi wa tano Lorne akaiona miche ya kabichi shamba la juu kutoka dirishani. Akagonga kioo kwa mkono wa kushoto mpaka Verna akaja.

"Nani... kasema?"

"Nimesema mimi."

"Maharage... bondeni?" Akatikisa kichwa. "Yatakufa."

"Kwako wewe, kila nitakachopanda mimi kitakufa!"

Verna akarudi shambani, akamalizia tuta.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita Verna aliamka akakuta bonde jeupe kwa umande ulioganda. Baridi ilikuwa imeteremka na kutuama kule chini kama maji. Jua lilipopanda, maharage yakalegea, yakawa meusi kama mboga zilizoungua. Shamba la juu halikuguswa.

Verna alishuka, akachuchumaa kati ya maharage. Kumbe kabichi hazikuwekwa bondeni kwa ukaidi. Zenyewe huvumilia baridi, maharage hayawezi. Miaka yote hiyo mumewe alijua, wala hakumweleza.

Akaingia ndani na matope yake mikononi.

"Kwa nini hukuniambia bonde linakusanya baridi?"

"Hukuuliza."

"Na mizizi yenye mafundo, wewe uliniuliza?"

Lorne akatazama dirishani. Mdomo wake ulihangaika kabla neno halijatoka.

"Si mvua?"

"Si mvua, Lorne. Udongo unaumwa."

Lorne akamgeukia. "Panda tena," akasema. "Yale... mafupi. Yanawahi kukomaa. Wakati bado upo."

"Na mwakani bondeni tupande nini?"

"Karoti," akasema Lorne. Kisha, jambo ambalo Verna hakulitarajia: "Au wewe... unaonaje?"

Maharage ya pili yalichelewa, lakini yalizaa. Vuli ilipofika, kabichi za juu zilitoka ngumu, mizizi myeupe, safi. Lorne akataka kisu. Alikata kwa mkono wa kushoto, vipande vingine vinene kama kidole, vingine vyembamba kama uzi. Hilda alitaka kuvikata upya. Verna akamzuia mkono, akavimimina pipani kama vilivyo na kuvinyunyizia chumvi.