Chujio Lililosuguliwa kwa Mchanga

Juzi hapa Kasongo nilipanga foleni kwenye kituo cha maji nikaona ajabu: foleni inakimbia! Mwangalizi wa mashine ya kuchuja maji alikuwa amesimama kifua mbele kama bwana harusi.

"Papa, leo kuna nini?" nikamuuliza.

"Filitre ilikuwa imeziba, muchafu sana. Nimeifungua, nimeisugua na muchanga kama sufuria, mpaka imengaa!"

Utando ulio ndani ya chujio lile ni laini kuliko kitambaa. Unasafishwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume, basi. Ukiusugua kwa mchanga, unatoboka, na uchafu wote unapita.

Nikamwonyesha bidon, yaani dumu la maji, lililokuwa linajaa mbele yetu. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Akayaangalia, akakuna kidevu.

"Lakini inatoka mbio."

Mama mmoja nyuma yangu akanisukuma kwa bidon lake tupu. "Papa, acha kelele. Zamani ilikuwa inatuchelewesha."

Foleni nzima ikaitikia, "Kweli!"

Haya, jamani. Kama tunachotaka ni mbio tu, mashine ya nini? Mto nao unakimbia, tena hauna foleni.