Kosa Nililolipiga Mara Mbili

Kosa langu la mwanzo, mdogo wangu, lilikuwa kusimamisha wimbo. Umri wa kumwita mtu mwanangu sijaufikia, lakini nisikilize.

Kinanda nilijifunza peke yangu, chumbani kwetu mtaa wa Azaiba, kwa kuifuatisha bendi moja ya zamani ya Kiingereza, iliyoanza na nyimbo za ndoto na mizaha ikaishia kwenye jazi tupu. Historia yake nilikuwa nayo kichwani: nani aliimba huku akipiga ngoma, saksafoni iliingia lini, nani aliondoka. Niliijua kama wengine wanavyojua nasaba zao.

Nakumbuka alasiri moja tukifanya mazoezi kwenye gereji ya baba yake Salim, mpiga ngoma wetu, kule mtaa wa Ghala. Kila mtu alipokosea, nilisimamisha wimbo. Mara ya kumi na moja Salim akaweka vijiti chini. Akasema mitihani aliimaliza shuleni, na nikisimamisha tena anaacha bendi.

Ami yangu Nassor alikuwa amekaa juu ya tairi, akinisubiri. Alisoma Uingereza ujanani, na bendi ile aliiona kwa macho yake. Nikamwomba amweleze Salim walivyokuwa wakipiga bila ya kosa. Akacheka.

"Bila ya kosa wapi, bwana? Yule wa kinanda akiinua mkono tu kwenye vibao vyake, spika zinapiga ukelele. Basi ikawa hauinui. Akikosea, anakwenda na kosa lake mpaka linakuwa wimbo. Wewe historia yao unayo yote, hili limekupita?"

Halikunipita. Nilikuwa nimelisoma, nikalihesabu kuwa ni ubovu wa mtambo. Niliona haya. Nikamtaka Salim radhi, tukaanza upya.

Hatukufika mbali nikakosea mimi mwenyewe, tena kosa la aibu. Vidole vilitaka kukimbia. Nikalipiga tena kosa lile lile, makusudi. Salim akanitazama, akalipokea, akalijengea mdundo, na mwenzetu wa besi akaingia. Tulipomaliza, mafundi wa gereji ya jirani walikuwa wamejaa mlangoni. Sijapata kujivunia kitu kama kosa lile.

Basi yajue ya waliotangulia, lakini usiyafanye fimbo ya kuwachapia wenzio. Ukikosea, endelea. Mwenzio akikosea, mpokee. Mungu akujaalie vidole vyepesi na wenzio wenye subira.

Mimi kila tukianza bado nnaogopa. Lakini tangu siku ile sijasimamisha wimbo, na mpiga ngoma wetu bado ni Salim.