Sahani za Mama Hamira

Pale maabara walimwita Mama Hamira, naye aliitika. Alikuwa fundi wa maabara, mjane mwenye binti mmoja na mgongo uliopinda kwa kuinamia sahani.

Kazi yake ilikuwa hamira, hii hii ya kuumulia unga. Jeni zake ni maelfu, na nyingi kati ya hizo ukiing'oa moja hamira haijali, inaendelea kukua. Lakini ziko jeni ambazo ukiondoa hii, salama. Ukiondoa ile, salama. Ukiziondoa zote mbili, hamira inakufa. Jozi hizo ndizo alizokuwa akizisaka. Alichukua hamira mzazi iliyokosa jeni moja, akaichanganya na nyingine iliyokosa jeni tofauti, kisha akatazama wazao wao waliokosa zote mbili. Palipoota doa jeupe kwenye sahani, wameishi. Palipobaki patupu, alitia alama.

Alitia alama miaka sita. Mwanafunzi wa uzamivu, baba wa mapacha, mtu mpole, aliandika tasnifu yake yote kwa alama hizo.

"Mama, siku nikivaa joho, nusu lako," alikuwa akimwambia.

"Nipe nusu ya juu basi. Ya chini nitaikanyaga nianguke."

Zikiwa zimebaki wiki tatu mwanafunzi atetee tasnifu, Mama Hamira aliona hamira mzazi inakua polepole kuliko inavyopasa. Akaipeleka ikasomwe jeni zake. Majibu yalirudi: haikukosa jeni moja, ilikosa mbili. Kumbe wazao wengi waliokufa hawakuuawa na jozi zile alizoandika. Kulikuwa na pengo la tatu, lisilojulikana.

Akapekua madaftari hadi akakuta mwandiko wake mwenyewe. Mwaka wa kwanza kichupa cha hamira mzazi kilivunjika, akachukua kingine kwenye friza ya maabara jirani, akaandika "ni kilekile". Hakukipima. Wiki ile ndiyo aliyorudi kazini baada ya kumzika mumewe.

Nyumbani alimweleza binti yake.

"Sasa mama, nani atajua? Hamira itakwenda kukushtaki?"

Siku nyingine wangecheka. Mama Hamira aliendelea kukunja na kukunjua kitambaa cha meza, chakula kikapoa mbele yake.

Asubuhi alimwendea profesa mkuu wa maabara, daftari mkononi. Profesa alivua miwani.

"Jozi zote?"

"Zote zilizotoka kwa mzazi huyu. Karibu zote."

Mwanafunzi akaitwa. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Mama," alisema mwishowe, "si ungenipa hizo wiki tatu tu?"

Akatoka. Utetezi ulifutwa, makala zilizokwisha kuchapishwa zikaondolewa, na mwaka ulipokwisha wafadhili wakajitoa. Mwanafunzi alirudi kwao, akapata kibarua katika duka la shemeji yake la vifaa vya ujenzi.

Kazi ya mwisho ya Mama Hamira ilikuwa kuteketeza. Siku nne alipakia sahani kwenye pipa la mvuke la kuulia vijidudu, maandishi yake mwenyewe juu ya kila kifuniko, akawasha na kusubiri. Maabara nzima ilinuka mkate. Mlinzi alichungulia akauliza kama kuna sherehe.

Profesa alimwandikia barua nzuri ya mapendekezo. Hospitali moja ikamwita kwenye usaili, wakamuuliza kwa nini aliacha kazi, akawaeleza kisa chote, hata kichupa. Hawakumpigia tena. Binti anamsihi aseme tu kwamba mradi ulifungwa, na huo si uongo. Hajaweza.

Kila baada ya wiki kadhaa humpigia mwanafunzi. Simu haipokelewi. Mara moja tu mke wake alipokea.

"Hayupo, mama," alisema kwa upole.

Nyuma yake sauti ya mwanamume ilikuwa ikiuliza, "Nani huyo?"

Mama Hamira alishukuru, akawaulizia hali mapacha, akakata simu.