Mkwe Wangu wa Kitanda cha Dirishani

Kwenye ukuta wa makao ya wazee ya serikali nilikofanya kazi, njia ya kupandia Magamba, palibandikwa karatasi ya haki za wazee. Mstari mmoja ulisema mzee ataogeshwa kwa staha, na mhudumu wa jinsia yake. Naukumbuka vizuri, kwa sababu kila Jumatatu mimi ndiye niliyeifuta vumbi karatasi ile.

Akaletwa mama mmoja kutoka Lukozi, kiharusi kimemlaza upande mmoja. Alikuwa amelima kabichi maisha yake yote na hakuwa na mtoto wa kumtazama. Kiswahili alikijua cha sokoni tu, kwa hiyo siku ya kwanza niliposimama kando ya kitanda chake cha dirishani na beseni la maji ya moto, tuliongea Kishambaa. Akaniuliza mimi ni wa nani na nimeoa kwa nani. Nikamtajia ukoo wa mke wangu. Akavuta blanketi kwa mkono wake mmoja mzima, akajifunika uso.

Yeye na mama mzazi wa mke wangu walikuwa watoto wa ndugu wawili. Kwa hesabu ya kwetu, basi, alikuwa mkwe wangu kamili. Mama mkwe wangu mwenyewe, tukikutana kwenye njia ya shambani, huingia kwenye kabichi za watu ili nipite. Na huyu nilitakiwa kumvua nguo.

Nilikwenda kwa afisa mfawidhi wa makao, mwanamke wa mjini mwenye koti zuri. Hakuinua hata macho. “Hapa hakuna ukwe, kuna ratiba,” alisema.

Mhudumu wa kike tulikuwa naye mmoja, binti, na alipangiwa kufua. Nisimsingizie: alinifuata mwenyewe. “Kaka, wewe fua mashuka, mimi nitamwogesha mama. Tubadilishane tu.” Mashuka yalifuliwa kwenye bomba la nje, kando ya barabara, watu wakipita kwenda sokoni. Nikaona watakavyonicheka, dume zima limechuchumaa juu ya mashuka yenye mikojo ya wazee. Nikamwambia kila mtu abaki na kazi yake.

Kwa hiyo nikamwogesha. Kila asubuhi alijifunika uso kwa khanga, nami nikapitisha kitambaa mwili mzima kama mtu anayefuta meza. Alikuwa akitetemeka, na maji yalikuwa ya moto. Nilimchukia kwa kutetemeka kule. Nilitaka azoee, kama wengine walivyozoea, ili nami nijisikie mtu mwema.

Kisha akaja afisa ustawi wa jamii kutoka Tanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Siku hiyo tulipika nyama, tukatandika mashuka mapya yaliyofungiwa kabatini. Afisa alipita kitanda hadi kitanda na fomu yake, kijana mstaarabu, akitoa shikamoo kwa kila mzee. Alipofika dirishani akaniomba nimtafsirie.

“Muulize kama ana malalamiko.”

Mama alimsalimu kwanza, kama inavyopasa, akamuuliza nyumbani kwao, safari na mvua. Kisha akasema. Alisema taratibu, kwa adabu, bila kunitazama: kwamba chakula kinatosha na Mungu awabariki, ila huyu anayemwogesha ni mkwe wake, na kule nje yupo binti mhudumu; kwamba haombi kingine chochote mpaka afe.

Afisa akanigeukia, kalamu tayari. Nilijua swali litakalofuata: kwa nini hamkubadilishana? Na yule binti alikuwa amesimama mlangoni, na jibu analo.

“Anashukuru,” nikasema.

Akaandika, akampa mama mkono, akasogea kitanda cha pili.

Jioni nilipompelekea uji, mama alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. “Maneno yangu yalikuwa mengi,” alisema. “Umemfikishia moja.” Uji hakuugusa. Wala wa kesho yake, wala maji. Mtu asiyekunywa hachafuki, na asiyechafuka hana haja ya kuogeshwa. Hilo nililielewa siku ile ile. Kwenye daftari niliandika kwamba mgonjwa amepoteza hamu ya kula. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kauka, akafia huko, wakamrudisha kwetu azikwe.

Wakaja akina mama wa usharika wa kanisa kumwosha, wamejifunga khanga viunoni. Kwa mazoea nikachemsha maji, nikabeba beseni mpaka mlangoni. Mkubwa wao akalipokea. Alikuwa mtu wa Lukozi, alijua koo zote.

“Wewe si umeoa kwao?” akauliza. “Rudi nyuma, baba. Huyu ni mkwe wako, huwezi kumwona.”

Wakafunga mlango, wakaziba dirisha kwa shuka. Humo ndani niliwasikia wakimwambia maiti pole, wakimwomba radhi kila walipomgeuza.

Mashuka yake ya mwisho yalikuwa yametupwa kwenye baraza. Sikuwa na kazi nyingine. Nikayachukua, nikaenda kwenye bomba, nikachuchumaa, nikafua. Ilikuwa siku ya soko. Watu walipita na mizigo yao ya karoti, wakanisalimu, wakanipa pole ya kazi. Hakuna hata mmoja aliyenicheka.