Mgeni Aliyekosoa Uwanja Wangu wa Vita

Najua utasema tulikuwa tumelewa. Hatukunywa kitu. Ilikuwa saa nane mchana, Jumamosi, na mezani palikuwa na chai ya rangi na mihogo ya kukaanga tu. Mke wangu Rehema alikuwepo. Kama huniamini mimi, mwulize yeye. Na siku tukikutana nitakuonyesha vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto ambavyo havikunjiki tena.

Mimi ni mchora ramani katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, na nyumba yangu iko mtaa wa Kikuyu. Wenzangu wakitoka kazini huenda kutazama mpira. Mimi nilikuwa natengeneza vifaru. Sisemi mnyama, nasema vifaru vya vita, tena vidogo, kimoja hakizidi urefu wa kidole gumba, mzinga wake mwembamba kama njiti ya kiberiti. Mtu pekee aliyekuwa na ugonjwa kama wangu ni Msafiri, dalali wa mahindi kule Kibaigwa. Yeye na jeshi lake, mimi na langu. Jumamosi alikuwa anapanda basi kuja kwangu, tunapanga vifaru sakafuni, tunatupa dadu, tunapigana mpaka jioni. Tulisoma naye sekondari, nikamsimamia kwenye ndoa yake. Miaka yote hiyo hatukuwahi kurushiana hata neno baya.

Sasa sakafu ilituumiza magoti, na Msafiri alitaka siku nyingine mimi ndiye niende kwake. Nikaamua kujenga uwanja wa vita wa kubebeka. Nilichukua vipande viwili vya plaiwudi, nikaviunga kwa bawaba vikunjike kama sanduku, nikaweka mpini juu. Ndani nilibandika povu zile zinazokuja kwenye katoni za televisheni, nikazichonga kwa kisu: kilima, korongo, barabara, daraja. Udongo niliuchukua Ihumwa, kando ya reli, nikauchekecha kwa chujio la chai (Rehema alinisema sana) na kuunyunyiza juu ya gundi. Sponji ya kuoshea vyombo niliipaka rangi ikawa vichaka. Karibu na daraja nikaweka jengo refu la kadibodi. Akilini mwangu lilikuwa ghala la nafaka. Uwanja ule haukuwa mahali popote duniani, nimeutoa kichwani mwangu. Kumbuka hilo.

Basi Jumamosi hiyo Msafiri akaja kuuona. Tumeufungua mezani, bado anaushikashika na kucheka kwa furaha, tukasikia hodi.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, amevaa koti zito la kaki mpaka magotini. Nje upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu hata nyumba ya jirani huioni, lakini koti lile halikuwa na chembe ya vumbi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Nasikia umejenga."

Nani alimwambia? Sikuuliza. Kwetu mtu mzima akipiga hodi, unamkaribisha. Rehema akamsalimia, akamwekea kiti, akamletea chai. Mzee akanywa kikombe chote kwa mkupuo, macho yake yako kwenye uwanja.

"Kilima kilikuwa mbele zaidi," akasema. "Na hii shule umeinyima mlango wa nyuma. Wengi walitokea huko."

"Ni ghala, mzee," nikamjibu.

"Ni shule."

Hakubishana, alisema tu, kama mtu anayekutajia jina la mtaa alikozaliwa. Wakati huohuo Rehema akainama na kitambaa, akidhani kikombe kinavuja. Chai ilikuwa inachuruzika chini ya kiti. Niamini, ndugu yangu: kikombe kilikuwa kikavu mezani. Chai ilikuwa inatoka chini ya koti lake, kama maji yanavyopita kwenye ndoo iliyotoboka.

Ungefanya nini wewe? Sisi tulicheka kidogo, cheko la aibu. Rehema akaenda jikoni. Mzee akaweka mikono mapajani, akasema, "Pigeni. Nawatazama."

Tukapiga. Msafiri alitupa dadu, akapata sita. Kifaru changu cha kwanza pale darajani kikahesabiwa kimeungua. Akanyoosha mkono akitoe.

"Humo ndani walikuwamo wanne," akasema mzee. "Hamkuwasikia?"

Nikawasikia. Wallahi nikawasikia. Sauti nyembamba kama mbu sikioni, lakini ya watu, watu wazima wanaolia kama watoto. Mmoja alikuwa anaita mama yake. Kifaru kikaanza kutoa moshi, uzi mwembamba mweusi, na chumba kikanuka nyama iliyoungua na nywele. Nikamtazama Msafiri. Alikuwa anatabasamu.

"Nawe lipiza," mzee akaniambia.

Nikatupa dadu. Vifaru vyake viwili vikawaka kando ya lile jengo, na jengo nalo likashika moto. Makelele yaliyotoka humo sitayasimulia. Nitakwambia tu kwamba hazikuwa sauti za askari.

Tabasamu la Msafiri likaondoka. Akanitukana mama yangu, yeye ambaye mama yangu alimlea akiwa na homa ya matumbo. Akachukua kisu cha kuchongea povu. Mimi nilishakuwa na nyundo mkononi, sikumbuki niliitoa wapi. Kisu kikanipata kwenye kiganja nilipokinga uso, kikakata mpaka mfupani. Sikusikia maumivu. Nikampiga nyundo ya goti, likalia kama kuni kavu. Akaanguka na meza, uwanja wote juu yake, udongo wa Ihumwa mdomoni mwake. Nikampanda kifuani.

"Endelea," akasema mzee, taratibu, kama fundi anayemwelekeza kibarua.

Nikampiga taya. Meno yakatawanyika sakafuni kati ya vifaru. Nikampiga tena. Msafiri aliacha kujikinga, akawa ananitazama tu.

"Endelea."

Nikainua nyundo juu, safari hii kichwani. Hapo ndipo Rehema alipoingia na kunimwagia birika zima la chai ya moto mgongoni. "Baba Neema! Unamuua!"

Nikaanguka kando nikipiga mayowe. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Kituoni tuliandikisha kwamba tuligombana. Ungeandikisha nini? Msafiri alikuwa hospitali, taya limefungwa kwa waya, hawezi kusema. Alipopewa kalamu aandike maelezo yake, akaandika kwamba hana shitaka. Leo anatembea kwa mkongojo na chakula chake ni uji na ndizi za kuponda. Bado ni dalali, ila bei anamtuma mwingine akaitangaze, maana maneno yake hayaeleweki vizuri. Uwanja tuliuchoma, vifaru vyote na dadu. Mchungaji alikuja akaombea nyumba. Mara mbili tatu kwa mwaka nakwenda Kibaigwa, tunakaa naye, hatuongei sana. Siku moja aliniuliza, kwa lile taya lake bovu, "Kaka, nawe ulifurahi?" Nikajifanya nampondea ndizi zake. Akatikisa kichwa. "Mimi nilifurahi," akasema.

Kwa hiyo nakuonya. Sikukatazi kuchezea vifaru, chezea. Lakini akija mtu usiyemjua, akaketi, akakuambia mahali ulipokosea kuijenga vita yako, usimpe kiti. Usimpe chai. Mfukuze hata kama ni mzee, dhambi ya kumvunjia heshima nitaibeba mimi.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba yule mzee alinishika mkono, kwamba ile nyundo aliiinua yeye. Nilitaka iwe hivyo. Mwaka jana nikamwuliza Rehema, kwa kuwa yeye alimwona kabla hajatoweka: alikuwa amenishika wapi?

"Hakukushika," akasema mke wangu. "Alikuwa amekaa mbali nawe, mikono mapajani. Nilipokumwagia chai alisimama, akaniambia asante mama, akatoka zake."