Mayu Odeta na Blanketi la Vipande

Naanza kwa kuungama, maana tukio lenyewe limeshasimuliwa hadi Misungwi. Katika karatasi za matangazo ya parokia zilizotoka baada ya mazishi, niliweka picha ya Mama Wilhelmina, ambaye ni mzima kabisa, na chini yake nikaandika “Marehemu Odeta Ndalahwa, apumzike kwa amani.” Mama Wilhelmina alinifuata ofisini na ile karatasi mkononi, akakaa, akapumua, akaniuliza, “Mwanangu, mimi nimekufa lini? Ningependa kujua, nina mboga jikoni.” Nimemwomba radhi, amenisamehe, na adhabu aliyonipa ni kuandika maisha ya rafiki yake vizuri, mwanzo hadi mwisho. Haya ninayoandika nimeyapata kwake, kwa watoto wa marehemu, na kwa yale tuliyoyaona wenyewe hapa Buhongwa. Kanisa halijatamka neno juu ya mama huyu, nami silitangulii. Nasimulia tu.

Odeta alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji kimoja cha Misungwi, mtoto wa nne wa mfugaji ambaye hakuwa mkristo na hakutaka kuwa. Alibatizwa akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, baada ya kumsumbua baba yake misimu miwili ya pamba mpaka mzee akasema, “Nenda kamwagiwe maji yako, lakini ng'ombe utawanywesha kwanza.” Aliwanywesha kwanza. Katika shule ya masista alijifunza kusoma, kufua na kufuma kwa kroshia, na hicho cha tatu ndicho kilichoingia mwilini mwake. Sista aliyemfundisha alikuwa na desturi ya kufumua kazi yote mwanafunzi akikosea hata kitanzi kimoja. Odeta alikuja kusema kwamba pale ndipo alipojifunza kuwa uzi haukasiriki. Ukifumuliwa unakubali kuanza upya.

Mwaka 1952 aliolewa na Ndalahwa, fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba. Walijaliwa watoto sita, wakazika wawili. Walihamia Buhongwa kukiwa bado ni mashamba na mapori, na hapo Ndalahwa akafariki mwaka 1986. Zikaja zile nyakati tunazozijua: viwanda vikapunguza watu, maduka yakajaa bidhaa ambazo wengi wetu tulizitazama kupitia kioo, na kila mtu akawa mfanyabiashara wa kitu fulani. Odeta alifuma vitambaa vya makochi. Mtu wa Mwanza aliyenunua makochi miaka ile alijiona hajamaliza mpaka kila mgongo wa kochi uwe na kitambaa cheupe cha kufumwa, na bibi harusi aliyeingia nyumbani kwake bila vitambaa vya Mayu Odeta, yaani Mama Odeta kwa Kisukuma, alionekana kama ameingia bila sufuria. Kwa kazi hiyo aliishi, kwa heshima, na nyumbani kwake mwenyewe vitambaa vyake vilikuwa vizuri kuliko vyote.

Wito wake ulimjia mwaka 1993, siku ya kawaida, alipokwenda na wanajumuiya kumwombea kijana aliyeitwa Yakobo. Kijana huyo alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita akiwa amekonda kwa ugonjwa ule ambao miaka hiyo hatukuutaja kwa jina. Walimkuta amelala chini, amefunikwa gunia la pamba. Wanajumuiya walisali rozari nzima wakilitazama lile gunia. Walipotoka nje, mmoja akasema Mungu atamsaidia. Odeta alikwenda nyumbani, akavua vitambaa vyote vya makochi yake, akaviunganisha pembe kwa pembe mpaka vikawa blanketi, na kesho yake akalipeleka. Hakuishia mlangoni. Aliingia, akamfunika Yakobo kwa mikono yake, akauliza kilichopo kwenye chungu, na kwa kuwa kulikuwa na uji, akanywa uji pamoja na mgonjwa katika kikombe kimoja. Alipoulizwa baadaye kwa nini amejivunjia sebule, alisema, “Kochi halisikii baridi.”

Tangu siku hiyo hakufuma tena vitambaa vyeupe. Uzi aliupata kwa njia ambayo nadhani Mbingu iliipanga ikicheka. Biashara ya mitumba ilikuwa imefunguliwa, na ndani ya kila robota lililofika soko la Mlango Mmoja kulikuwa na masweta mazito ya watu wa nchi za barafu, ambayo hapa kwetu hata mbuzi angeyakataa. Muuzaji mmoja, Salehe, alikuwa akiyatumia kufutia meza. Odeta alimwomba. Salehe akamwambia, “Bibi, shikamoo. Unayataka yote haya? Unahamia wapi, mlimani?”

“Marahaba, mwanangu. Sihami. Nataka kuyafumua.”

“Kufumua? Mzungu amekaa mwaka mzima anafuma, wewe unafumua?”

“Yeye kamaliza yake. Sasa zamu yetu.”

Salehe alimwekea masweta kila lilipofunguliwa robota, miaka yote, naye ni Mwislamu anayeswali. Hata siku moja hakuuliza blanketi linakwenda kwa mtu wa dini gani. Odeta na Wilhelmina waliyafumua, wakafua nyuzi, wakazikausha kwenye kamba, kisha wakafuma vipande vya mraba. Kipande kilikuwa na upana wa sahani: unaanza na kitundu cha katikati, unazunguka, unatengeneza kona nne, unafunga. Aliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, wauza dagaa, na wazee waliopunguzwa kazi viwandani, ambao walianza kwa aibu na wakaishia kubishana nani ana kona nzuri. Kila mtu alileta kipande chake, yeye akaunganisha. Alikuwa na masharti mawili tu. Rangi ya kitundu cha katikati ilichaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Na blanketi halikutumwa: aliyelipeleka alikaa, akamfunika mgonjwa, akala naye.

Watakatifu wote wana jaribu lao, na la Odeta lilitoka ndani ya wema wake. Kufikia mwaka 1995 mablanketi yale ya rangi rangi yalikuwa yamejulikana mji mzima, na kwa kuwa yalikwenda kwa wagonjwa, watu waliyageuza kuwa tangazo. Blanketi likionekana kwenye kamba ya kuanikia, majirani walijua. Vijana vijiweni walisema, “Pale vipande vimeshaingia,” wakacheka. Wakaanza kuyarudisha. Odeta aliamka asubuhi akakuta mablanketi yametundikwa kwenye uzio wake wa minyaa, hakuna aliyebisha hodi.

Pigo kubwa lilikuwa la Rebeka. Huyu alikuwa mama wa watoto watatu, muuza samaki wa kukaanga kando ya barabara ya Shinyanga, na alikuwa bado ana nguvu za kusimama jikoni. Odeta alimpelekea blanketi. Wiki ile ile wateja wakakata mguu. Samaki wakabaki kwenye beseni, na watoto wakala walichoshindwa kuuza mpaka hakukuwa na cha kununulia wengine. Rebeka alikwenda kwa Odeta akalitupa blanketi katikati ya uwanja, mbele za watu, akasema, “Mayu Odeta, ulinifunika au ulinitangaza?”

Odeta aliokota blanketi. Kwa muda mrefu hakushika sindano. Wilhelmina anasema hakuwahi kumwona rafiki yake amekaa mikono mitupu, ilikuwa kama kumwona amevuliwa nguo. Paroko, kwa nia njema, alimshauri afume mablanketi ya rangi moja, ya kijivu, yafanane na ya dukani, watu wasitambue. Odeta alifikiri, akamjibu, “Padri, nikilificha blanketi, nimemficha na mgonjwa. Tatizo si rangi. Tatizo ni kwamba anayejifunika ni mgonjwa peke yake.” Alikuwa ameona ugonjwa ulipo, lakini dawa hakuwa nayo bado.

Dawa ilikuja mwezi wa kumi na moja mwaka 1997, na ilikaribia kuvunja ndoa. Mjukuu wake, Getruda, alikuwa anaposwa na kijana wa Mzee Chenge, mfugaji mwenye jina. Kila mwenye binti anajua kwamba katika mahari kuna mkaja wa mama na kuna blanketi la bibi, na bibi asipofunikwa blanketi lake binti hatoki. Siku ya kuleta mahari nyumba ilijaa. Mshenga, Josephat, mtu wa maneno, alifungua mfuko akatoa blanketi jipya zito lenye picha ya chui.

“Bibi yetu,” akasema, “chui huyu tumemlisha njiani, hana njaa. Usimwogope.”

Watu walicheka. Odeta naye akacheka. Kisha akasema, “Wabeja, asanteni, wakwe zangu. Chui wenu ni mzuri, mrudisheni dukani. Mimi mtanifunika hili.” Akatoa chini ya kiti chake blanketi la vipande, lile alilotupiwa na Rebeka.

Mzee Chenge akasema taratibu, “Mama, hilo ni la wagonjwa.”

“Ndiyo. Limelala kwa mgonjwa, nimelifua, nimelilalia mwenyewe.”

“Tumekuja kwa heshima. Usituvishe aibu.”

“Bibi, unaniharibia,” Getruda akasema, tayari analia. “Watarudi kwao!”

“Warudi, mjukuu wangu. Siku ukiugua huko unakokwenda, nani atakufunika? Kama nyumba hiyo inaogopa nyuzi, afadhali tujue leo ukiwa bado kwetu.”

Josephat alimrudisha chui mfukoni. Wazee wa upande wa pili walishika fimbo zao kama watu wanaotaka kusimama. Mzee Chenge ndiye aliyesimama, na wengi tulidhani anaondoka. Alivuka mkeka, akalichukua blanketi mikononi mwa Odeta, akalikunjua. Alimfunika mabegani, akaweka sawa pembe moja baada ya nyingine. Kisha akainama akasema, kwa sauti ambayo hakuikusudia isikike na wote, “Mama, nina mdogo wangu, Revocatus, yuko Busisi. Ni mwezi wa nne anaugua ndani. Hatujamwambia mtu.”

“Anapenda rangi gani?” Odeta akauliza.

“Bluu. Tangu utoto.”

Vigelegele vilipigwa kwa kuchelewa, lakini vilipigwa. Getruda aliolewa. Na baada ya siku ile mabibi wengine wa Buhongwa wakaanza kukataa chui. Kila mwenye mjukuu alitaka afunikwe vipande mbele ya wakwe. Mabibi wazima walianika mablanketi yao kwenye kamba za nje, na vijana wa vijiweni hawakuwa tena na la kusoma. Rebeka alituma mtoto wake kwa Odeta aseme tu hivi: “Mama anaomba lingine, katikati liwe jekundu.” Alilianika barabarani, mbele ya meza yake ya samaki, na akauza. Wapo wanaosema huo ndio muujiza wake wa kwanza. Wengine husimulia juu ya mtoto aliyekuwa na degedege akatulia alipofunikwa, na juu ya nyumba iliyoungua kila kitu likabaki blanketi. Nayaandika kama nilivyoyasikia. Mimi nilimwona Rebeka akigombana na mteja juu ya ukubwa wa samaki, na kwangu hiyo ilitosha.

Blanketi la Revocatus alilifuma kwenye zile mvua kubwa zilizoanza mwisho wa mwaka ule na kuvuka mwaka. Alitaka kulipeleka mwenyewe, lakini barabara ilikatika, na siku alizojaribu kwenda aliloa mpaka mifupa. Nimonia ilimshika Januari 1998. Alipotetemeka, Wilhelmina alimfunika lililokuwa karibu, nalo lilikuwa hilo la bluu, na chini yake Odeta akafariki tarehe tatu Februari, baada ya kupokea sakramenti, akiwa na miaka sitini na mitatu. Maneno yake ya mwisho hayakuwa ya kupamba: alisema lisiende naye kaburini, ni la mtu.

Alichotuachia si kidogo. Wafumaji wanakutana kila Alhamisi chini ya mnara wa kengele. Salehe bado analeta masweta. Kuna wagonjwa waliokufa wakiwa wameshikwa mkono ambao wangekufa wakiwa na gunia. Anayetaka kumwiga asianze na sindano. Aanze kwa kuingia ndani na kuuliza kilichopo kwenye chungu.

Lakini kazi moja haijaisha, na leo nimeandika kwa sababu yake. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, Mama Wilhelmina aliliondoa blanketi juu ya rafiki yake, akalikunja, akasimama mbele ya kanisa lililojaa hadi mlangoni. Alisema, “Hili ni la Revocatus wa Busisi. Miguu yangu mnaijua, haifiki Busisi. Anayelipeleka asimame nimpe.” Walikuwemo mabibi waliofunikwa vipande mbele ya wakwe, na wanakwaya, na wafumaji wote. Alikuwemo Mzee Chenge. Hata sisi tuliojifunza kujifunika blanketi lililotoka kwa mgonjwa, hatukuwa tumejifunza kushika lililotoka kwa maiti. Mzee Chenge alitazama kofia yake magotini. Kwaya ikafungua kitabu, ikaimba.

Padri alitaka kumpa katekista wa upande ule. Mama Wilhelmina akakataa, kwa sababu blanketi la Odeta halitumwi. Limefuliwa. Liko sakristia, juu ya meza. Mvua zimepungua, kivuko cha Busisi kinavuka, na Revocatus, tulivyosikia juzi, bado yu hai na ameambiwa kwamba linakuja. Ndugu zangu, naomba mtu mmoja wa kulipeleka, aingie ndani, amfunike, ale naye. Nani?