Mzee Ambaye Gari Langu Halikumhisi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Sikuwa nimelewa, maana sinywi, na saa ilikuwa kumi kasoro robo ya alasiri. Ila Stockholm mwezi wa Desemba saa hiyo giza limeshaingia, na watoto wanarudi shule kwa mwanga wa taa. Usiponiamini sitakulaumu. Mimi pia ningesikia kwa mtu nisingeamini.

Nilikuwa na gari la umeme. Waswahili kama kumi hivi wa huku tulikuwa na gari la aina moja, tukafungua kundi kwenye simu tusaidiane: Wakenya, Watanzania, na dada mmoja Mkongo wa Bukavu, Furaha, muuguzi, aliyekaa kitongoji cha Jakobsberg na baba yake mgonjwa. Mimi ndiye niliyechukuliwa kuwa fundi wa kundi. Ufundi wenyewe ulikuwa nini? Nilikuwa najibu haraka kuliko wengine, basi.

Majira hayo kampuni ilituletea mambo mawili. La kwanza ni barua ndefu ya Kiswidi: betri nyingine zinaweza kushika moto, kwa hiyo tusizijaze mpaka juu wala tusichajie karibu na nyumba hadi zikaguliwe; gari likiungua, waranti, yaani dhamana yao, italipa. La pili ni sasisho la programu ya springi. Kundi zima likawa halina mazungumzo mengine. Mmoja alisema sasa anaendesha godoro, mwingine alilalamika tumbo linamcheza kila kona. Langu lilikuwa hivi: ukikaa tu, linashuka kidogo upande wako, kisha linajiinua polepole. Hata mfuko wa mchele ukiuweka kitini lilikuwa linaujua, na kengele ya mkanda inalia.

Furaha akauliza kundini: "Kaka, hili sasisho ndilo limemaliza mambo ya moto? Naweza kuchaji nyumbani?"

Ile barua nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Nikamjibu: "Limemaliza yote, dada. Chaji ulale. Barua hizo ni za kampuni kujikinga."

Akaandika: "Sawa, kaka. Nakuamini."

Siku mbili baadaye nilikuwa kituo cha chaji, mtaa wa Tensta, nimekaa garini nachaji, theluji ya majimaji inaanguka. Mtu akagonga kioo. Mzee mwembamba, sweta la kijivu, ndala miguuni. Ndala, kwenye theluji. Nikamwambia aingie haraka. Akafungua mlango, akaketi kando yangu.

Gari halikushuka. Sikiliza vizuri hapo. Halikushuka hata kidogo, kengele haikulia, na kwenye skrini kile kiti kilionekana kitupu. Nilimtazama mzee, nikatazama skrini, nikajiambia sasisho limeharibika tena.

"Weye uko rafiki ya Furaha," akasema.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Niko baba yake. Umwambie atoshe kamba ya motokari. Leo."

Kutosha kwa watu wa Bukavu ni kutoa, na kamba ni waya wa chaji. Nilimwelewa vizuri sana, sina pa kujificha. Nikamuuliza kwa nini asimwambie yeye mwenyewe.

"Nasema kila siku," akajibu taratibu, bila hasira. "Hanisikie."

Nikadhani Furaha amemtuma aje kunisuta. Nikatoa simu, nikaifungua ile barua nimwonyeshe kwamba najua ninachosema. Safari hii niliisoma mpaka mwisho. Sasisho lilihusu springi tu. Betri hazikuguswa.

Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Mlango haukufunguliwa; ungefunguliwa, taa ya ndani ingewaka na baridi ingenipiga. Nikashuka, nikazunguka magari yote mara mbili. Hakukuwa na mtu.

Sasa nakuuliza, ungefanya nini? Ungempigia simu. Mtoto mdogo angepiga simu. Mimi niliandika ujumbe, "Dada, chomoa gari," nikauangalia, nikaufuta. Nikiutuma, itabidi nikiri mbele ya kundi zima kwamba nilishauri watu bila kusoma. Na nikimtaja baba yake, ataniona nimechanganyikiwa. Nikasema nitamweleza kesho, kwa utulivu.

Saa moja jioni kundi likajaa picha za moshi. Gari lilishika moto kwenye banda lililoshikana na nyumba. Furaha alivutwa nje na jirani. Baba yake alitolewa na wazima moto, amevuta moshi mwingi.

Nilifika hospitali nikamkuta Furaha korido, nguo zinanuka masizi. Nikamwambia sikujua kama mzee huwa anatoka mwenyewe.

Akanishangaa. "Papa? Tangu kiharusi hajasimama, kaka. Hajasema neno hata moja. Miezi tisa sasa."

Akaniingiza chumbani. Alikuwa ni yeye. Uso ule ule, macho yale yale juu ya barakoa ya hewa. Alinitazama kwa muda, nami nikajua amenijua. Kisha akageuza uso ukutani.

Alifariki baada ya wiki mbili. Kampuni ilitimiza ahadi, ikaleta gari jipya kwa waranti, na kundini watu wakaandika "hongera". Wallahi, hongera. Furaha hakulipanda hata siku moja. Lawama zote alizipeleka kwa kampuni. Na kwa wiki zote hizo alikuwa akinishukuru mimi, kwa kumpeleka huku na huku, kwa kusimama naye msibani.

Arobaini ilipopita nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwake, nikamweleza kila kitu: barua, mzee, ujumbe niliofuta. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Alitaja jina langu?"

"Alilitaja."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Nikajaribu kumweleza. Ilikuwa nzito kidogo, ya taratibu. Alinisikiliza amefumba macho, akaniuliza tena, nikarudia, akaniuliza mara ya tatu. Alipotosheka akasema, "Nenda sasa, kaka. Usirudi."

Sijarudi. Gari nimeliuza, napanda treni. Tukikutana kanisani ananijibu salamu, na hapo ndipo panapoishia. Wewe unayenisikiliza, sikuombi uamini habari ya yule mzee. Lakini kama kuna mtu ulimwambia jambo usilolijua, naye akakuamini, usisubiri mfu wala mzima aje kukugongea kioo. Mpigie sasa hivi, mwambie ulikosea. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi nimejaribu hii nyingine, na haiishi.